Nyumba Inayouliza: Namna ya Kumtengenezea Mzee Vifaa vya Kumchangamsha Akili

Kifaa cha kwanza nilichomfungia Bibi yangu pale Mikindani kilidumu usiku mmoja. Niliweka sensa ya mwendo ukumbini, nikaiunganisha na spika, nikarekodi sauti yangu mwenyewe: "Bibi, umekunywa maji?" Saa tisa za usiku paka akapita. Sauti ya mwanamume ikatoka gizani ikiulizia maji, na mwenye sauti amelala zake Mtwara mjini, kilomita kama 10 kutoka hapo. Asubuhi nilipofika nilikuta ubani unafuka, spika iko uani imefunikwa kwa sufuria, na Bibi amekaa barazani anachambua mchele. Nikamwamkia.

"Marahaba, mume wangu," akasema bila kuinua macho. "Lile jini lako nimelitoa nje. Lina adabu, linauliza watu kama wamekunywa maji, ila halijui saa."

Tulicheka sana. Lakini wiki hiyohiyo niligundua jambo ambalo halikuchekesha. Nilikuwa pia nimemwekea swichi ya boya kwenye tangi, pampu ijizime yenyewe maji yakijaa. Zamani Bibi alikuwa akisikiliza mlio wa maji, anajua kwa sikio kwamba limebaki pipa moja, anamtuma mtoto kuzima. Sasa hakuwa na cha kusikiliza. Taa zinajiwasha, pampu inajizima, dawa inatangazwa na spika. Nilikuwa nimemjengea nyumba inayofikiri kwa niaba yake, na yeye nimemwachia kiti.

Mwongozo huu umetokana na kuvifungua vile vifaa na kuanza upya. Kipimo ninachotumia sasa ni kimoja: kifaa kinamuuliza mzee, au kinamjibia? Kinachojibia nakipunguza. Unaweza kuufuata kama unajua kuchomelea waya kwa risasi, au kama una fundi simu jirani asiyeona taabu kukaa na wewe Jumapili mbili tatu.

Hatua ya 1: Masikio, macho, na hospitali kabla ya duka la vifaa

Watu huruka hatua hii kwa sababu haina waya. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni, yale ambayo yanaweza kurekebishwa, na likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kama yote yangeshughulikiwa. Kwenye orodha hiyo kuna kutosikia vizuri, kutoona vizuri ambako hakukutibiwa, presha, kisukari, upweke, kukaa bila kutembea, kuumia kichwa. Hakuna mahali palipoandikwa "kukosa kishikwambi".

Kwa hiyo mpeleke kwanza. Sikio lililozibwa na nta linasafishwa hospitali kwa dakika chache, na mzee aliyesemwa "siku hizi hafuatilii mazungumzo" anarudi mazungumzoni siku hiyohiyo. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji. Kuhusu vifaa vya kusaidia kusikia, utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2023 uliwafuatilia watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka 3. Kwa wote kwa pamoja haukuonyesha tofauti, lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kasi ya akili kuchoka ilipungua kwa karibu nusu. Si haba.

Na hili liandike ukutani: mzee aliyebadilika ghafla, jana alikuwa mzima na leo anachanganya watu au hajui yuko wapi, hahitaji kifaa. Anahitaji daktari siku hiyohiyo. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari kushuka au dawa mpya, vyote vinaweza kumfanya mzee aweweseke, na vyote vina matibabu.

Hatua ya 2: Kaa naye siku mbili na daftari

Usipime kuta, pima siku yake. Andika kila kitu anachokifanya kwa kutumia kichwa. Nilipokaa na Bibi niliandika: anahesabu siku za makopa ya muhogo juani, anajua ni nani ana deni la ufuta kwa nani, anakumbuka namna ya kukunja kila kanga na neno lililoandikwa juu yake, anapika ming'oko, vile viazi vya porini, kwa kukisia moto wa kuni bila saa, anaingiza namba za luku, umeme wa kulipia kabla.

La luku nilitaka kumwondolea. Mjukuu mwema gani anamwacha bibi yake asimame mbele ya mita na miwani puani? Lakini hebu itazame ile kazi: tarakimu 20, makundi matano ya nne nne. Anasoma kundi, analishika kichwani, anaingiza, anarudi kwenye karatasi na kutafuta alipoishia. Kama kuna kampuni ingeuza zoezi hilo kwenye simu ingeliita mazoezi ya kumbukumbu na kuomba pesa. Nimemwachia. Nilichofanya ni kuirahisisha karatasi: ninamwandikia namba kubwa kwa kalamu nene nyeusi, kila kundi mstari wake.

Halafu gawa daftari lako pande mbili. Upande mmoja andika mambo ambayo akikosea ataumia mwili: njia ya chooni usiku, kizingiti, ngazi, kisima. Hayo yajiendeshe yenyewe bila kumuuliza mtu. Taa ya sensa kutoka kitandani hadi mlango wa choo ni kifaa bora kuliko vyote nilivyofunga, maana kuanguka na kugonga kichwa ni miongoni mwa yale mambo 14. Iwe taa hafifu ya njano, chini usawa wa goti, isimpige machoni, na isitoe sauti yoyote. (Paka sasa anamulikiwa usiku kucha. Tumezoea.)

Upande wa pili andika yanayotumia akili na ambayo akikosea hasara yake ni ndogo. Hayo usiyaguse, au yaguse kwa kuyaongezea utamu tu. Ndipo kinapoingia kisanduku.

Hatua ya 3: Kisanduku cha vitendawili

Hiki ndicho kiini, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mchezo wenyewe tumeurithi tayari umesanifiwa. Mmoja anasema "Kitendawili!", mwenzake anajibu "Tega!". Anatega. Ukishindwa unaambiwa "Nipe mji", unatoa mji, aliyetega anatamba alivyokwenda huko na kukirimiwa, kisha anatoa jibu. Ona ulivyo na hekima: kuna kuitana, kuna muda wa kufikiri, na kushindwa kuna malipo ya kuchekesha badala ya aibu. Programu nyingi za mazoezi ya ubongo nilizojaribu kwenye simu zinamwonyesha mzee alama nyekundu na mlio wa kosa. Bibi angeitupa simu kisimani.

Vifaa: bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo itakayoendesha kila kitu, kisomaji cha kadi aina ya RC522, kicheza sauti kidogo cha DFPlayer Mini na memori kadi isiyozidi GB 32, spika ya wati 3, stika za kusomwa na kisomaji hicho, za masafa ya 13.56 MHz, betri na moduli ya kuichaji. Mafundi wengi wa simu wanavijua au wanaweza kukuagizia Kariakoo.

Sanduku liwe la mbao. Mimi nilianza na kopo la biskuti kwa kuwa lilikuwa zuri, nikapoteza jioni nzima nikidhani kisomaji kimekufa. Bati linazuia masafa ya kisomaji. Seremala alinichongea sanduku lenye mfuniko mwembamba, kama milimita 5, na kisomaji nimekibandika chini yake katikati, kwa sababu uwezo wake wa kusoma ni sentimita 2 au 3 tu. Juu ya mfuniko alichonga duara la kina kidogo, ili mkono wa mzee upate mahali pa kuweka kitu bila kutafuta.

Kuunganisha: RC522 inakula volti 3.3, si 5. Ukiipa 5 unaweza kuiua. DFPlayer ipe 5, na kwenye waya wa data unaoingia humo weka rezista ya kilo-ohm 1, vinginevyo spika itanguruma kama nzi chupani. Kwenye memori kadi tengeneza folda iitwayo mp3, na mafaili yapewe majina ya namba: 0001.mp3, 0002.mp3 na kuendelea. Programu yenyewe ni fupi: kitu kikiwekwa juu, soma namba ya stika, angalia ni kitendawili gani kimetegwa, tafuta faili linalofaa, cheza, kisha nyamaza. Mifano ya kila kipande imejaa mtandaoni, na kazi yako kubwa ni kuviunganisha. Zima waifai ndani ya programu, haina kazi hapa.

Sasa vitu. Usitumie kadi nyeupe za plastiki. Mzee hana cha kukumbuka akiishika kadi nyeupe. Stika yangu ya kwanza nilibandika chini ya kifuu. Nyingine chini ya yai la mti alilochonga kijana wa Kimakonde, nyingine nyuma ya kipande cha kanga kilichogundishwa kwenye ubao, nyingine ndani ya kibuyu kidogo, kwenye ganda la kombe, kwenye kipande cha wavu. Vyote vinakaa kwenye ungo kando ya sanduku. Mkono unaoshika kifuu umeshaanza kukumbuka kabla sauti haijatoka.

Bibi anaweka ubao wa kanga, ambao ndio wa kuanzia. Sanduku linasema: "Kitendawili!" Linakaa kimya sekunde 4. Hakuna haja ya mashine inayosikia wala kuelewa, yeye anasema "Tega!" kwa kuwa hawezi kujizuia, na kimya kile kimepimwa kumtosha. Kisha: "Nyumba yangu haina mlango." Kimya. Akijua, anachukua yai la mti kutoka kwenye ungo na kuliweka juu. Sanduku linapiga vigelegele, ambavyo ni sauti za wajukuu zake halisi. Akikosea, akaweka kifuu, linasema tu, "Hebu tazama tena." Akichoka, anatoa mji.

Miji ni vibao vidogo vyenye stika: Lindi, Newala, Masasi, Tandahimba, Kilwa, Nachingwea. Akiweka Newala, sauti ya mjomba inasikika: "Nilipofika Newala wakanichinjia jogoo, wakanipa kiti cha mbele, wakanionyesha bonde la Ruvuma, nikarudi nimeshiba. Ni yai." Hapo angeweza kuishia, lakini kila mji una mkia wake, swali moja ambalo jibu lake sisi hatulijui. Kwenye Nachingwea nilirekodi: "Bibi, uliwahi kuiona treni?"

Vijana wengi hapa hawajui kwamba Mtwara ilikuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mradi wenyewe ulianguka mapema miaka ya 1950, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliyezaliwa mwaka 1947 au 1948 alikuwa mtoto mkubwa wakati inafungwa. Siku Bibi alipoiweka Nachingwea sikuwepo. Mpwa wangu anayekaa naye alinipigia simu kuniambia chai imepoa, Bibi bado anasimulia, na jirani ameingia kumbishia treni ilikuwa ikipiga honi mara ngapi.

Hayo mabishano ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta. Sanduku lilikuwa limeshanyamaza zamani.

Kuhusu kurekodi, mambo machache ambayo niliyajua kwa kukosea. Sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo vile vipaza vya "ti-ti-ti" wanavyoweka mafundi ni kama havipo kwake. Sauti nene, ya taratibu, inafika. Watoto wana sauti nyembamba. Wakalishe karibu na simu, waambie waseme kama wanaongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara, pole pole. Usirekodi mvua inaponyesha juu ya bati. Baada ya kila swali acha kimya cha sekunde 10 hadi 15. Wewe utaona ni kirefu mno. Uzeeni kinachopungua ni kasi ya kulifikia neno, hazina ya maneno yenyewe hudumu, mara nyingi ni kubwa kuliko yako.

Na kwa kuwa sanduku linacheza sauti tu, lugha si tatizo lake. Rekodi kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao, chochote alicholelewa nacho. Vile vifaa vya dukani vinavyojibu vikisemeshwa vingemlazimisha Bibi kuongea kama mtangazaji.

Vitendawili vikianza kuzoeleka, usivitupe. Virudishe kwa kupishana: leo, kesho, baada ya siku 3, baada ya wiki, kisha mwezi. Kukumbuka kunakuwa imara pale kitu kinapoanza kuponyoka kisha ukakivuta. Kila ninapokwenda ninabadilisha faili sita saba kwenye memori kadi, nusu mapya, nusu yaliyolala.

Angalizo moja juu ya maswali ya zamani. Kusini kuna kumbukumbu zenye miiba: kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, watu waliovuka Ruvuma wakikimbia vita vya Msumbiji, watoto waliozikwa. Usizirekodi kama swali la kisanduku, linalotoka wakati mzee yuko peke yake. Akizianzisha mwenyewe, mtu awepo.

Hatua ya 4: Mgeuze awe anayeulizwa

Miezi miwili ya kwanza sisi ndio tulimtegea. Kisha nikabadili mwelekeo, na ningekushauri usisubiri miezi miwili. Wajukuu walioko Dar es Salaam hutuma sauti kwa simu: "Bibi, ming'oko inachemshwa mpaka lini?" "Bibi, makopa yakipigwa na mvua unafanyaje?" Maswali ya kweli, ya mtu anayetaka kupika. Mpwa anayaingiza kwenye memori kadi, stika yake iko kwenye kibuyu. Bibi anasikiliza, anafikiri siku nzima kama akitaka, na jioni anajibu mbele ya simu. Jibu linarudi Dar, na Jumapili inarudi picha ya sufuria. Aliyekosea anaambiwa.

Usitengeneze maswali ya uongo hapa. Mzee anajua anapopewa kazi ya kumpoza.

Hatua ya 5: Dawa, kimya kwanza

Bibi anatumia dawa ya presha. Nimechukua kile kikasha cha dawa chenye vyumba 7, nikaweka swichi ya sumaku kwenye mfuniko. Mfuniko ukifunguliwa kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, nyumba haisemi lolote siku nzima. Amekumbuka mwenyewe na hadaiwi pongezi. Saa 2 ikipita bila kufunguliwa, taa ndogo ya njano inawaka kando ya birika la chai. Nusu saa baadaye inasikika kinanda kifupi. Nusu saa nyingine, sauti inauliza: "Bibi, leo siku gani?" kwa kuwa akishapata siku, chumba cha dawa anakipata. Baada ya hapo ndipo ujumbe unakwenda kwa mpwa.

Ngazi hiyo, kutoka kimya hadi mtu, itumie kwa kila kikumbushio utakachotengeneza. Ukianzia juu, kwa kengele, unamfundisha asikumbuke. Ila kwa dawa ambayo dozi moja ikikosekana ni hatari, mfano sindano za sukari, usicheze ngazi. Mtu mzima mwenye akili zake asimamie.

Hatua ya 6: Kitufe cha bao

Hii ni ya babu wa nyumba ya tatu, aliyeona cha Bibi akadai chake. Nikafikiria kumwekea bao la kwenye kishikwambi. Akanitazama. Bao la mashimo 32 na komwe 64 analo tangu ujana. Alichokosa ni mpinzani, maana wenzake hawajui lini yuko barazani na miguu yao si ya kuja kubahatisha.

Basi nikamfungia kitufe chekundu ukubwa wa kisosi, na ndani yake moduli ya laini ya simu, SIM800L. Akibonyeza, wazee watatu wanapata ujumbe: "Bao liko nje." Kazi imeisha. Moduli hiyo inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotuma inavuta mkondo mpaka ampea 2 kwa mkupuo, kwa hiyo iunganishe moja kwa moja na betri nzuri. Ukiipa umeme dhaifu itakuwa inazimika na utailaumu laini bure. Wote wanatumia vitochi, zile simu ndogo za vitufe, na ujumbe unafika. Mzee anayeshindwa kufika kwa miguu analetwa na bodaboda, na nauli inalipwa na aliyefungwa mara ya mwisho, utaratibu ambao sikuubuni mimi.

Hatua ya 7: Umeme, chumvi na intaneti

Sanifu kana kwamba intaneti haipo. Mei 2024 ilitufundisha: mwanzoni mwa mwezi Kimbunga Hidaya na mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na tarehe 12 hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikazorotesha intaneti Afrika Mashariki. Kifaa ambacho akili yake iko ughaibuni kingekuwa kipande cha plastiki. Kisanduku kiliendelea kutega.

Pawabenki za kawaida zina ugonjwa mmoja: zikiona kinachovutwa ni kidogo zinajizima. Ijaribu usiku kucha kabla hujaitegemea. Mimi ninatumia betri za duara zilizotolewa kwenye betri ya laptopu, zikiwa na bodi ya ulinzi. Usiziunganishe tupu, zinaweza kuwaka moto.

Mikindani hewa ina chumvi, na maungio ya shaba hugeuka kijani mapema. Nimepaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya maungio yote yaliyochomelewa, nikaruka soketi, nafasi ya memori kadi na betri. Dada yangu bado ananidai ile chupa.

Hatua ya 8: Ruhusa na majirani

Kamera sifungi. Chumbani na chooni ni mwiko kabisa, na ukumbini pia sijaona faida yake inayozidi hasara. Mwenye nyumba aelezwe kila kifaa kinajua nini na kinamwambia nani, kwa maneno anayoweza kuyarudia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ziko ndani yake, lakini hata bila sheria, ujumbe kwamba Bibi hajanywa dawa haukustahili kwenda kwenye kundi la ukoo lenye watu 84.

Na majirani waone mapema. Ajuza anayekaa na sanduku linaloongea usiku anaweza kuzuliwa maneno mabaya, na sote tunajua maneno hayo huishia wapi. Siku ya pili nilikibeba kisanduku barazani, nikakifungua mfuniko mbele ya watu, watoto wakashika waya. Wazee wakatoa miji. Tangu hapo ni kisanduku cha mtaa.

Hatua ya 9: Utajuaje kama inasaidia

Usimpime Bibi kumbukumbu kila wiki kama mtihani wa darasa la saba. Na usitegemee muujiza. Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa wa watu 2,832 wenye miaka 65 na zaidi, matokeo yake ya kwanza yakatoka mwaka 2002: waliofundishwa kumbukumbu walipata nafuu kwenye kumbukumbu, waliofundishwa kasi wakapata kwenye kasi, lakini faida haikuvuka kwa wepesi kwenda kwenye mengine. Kwa hiyo anayekuuzia programu kama dawa ya kusahau, mwombe mji. Kinachoonekana kusaidia zaidi ni mchanganyiko: kule Finland, utafiti uliotoka mwaka 2015 uliwachukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, ukaunganisha chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na kufuatilia presha kwa miaka 2, na walionufaika zaidi ni hao wa mchanganyiko. Hata kwa walioanza kuugua, kuna mazoezi ya kikundi yaliyobuniwa Uingereza, vikao 14 kwa wiki 7, ambayo yalirekebishwa na kujaribiwa hapa kwetu wilayani Hai, Kilimanjaro. Watu wamekaa pamoja, wanabishana juu ya jambo.

Kwenye daftari langu ninaandika vitu vitatu tu kila wiki. Mara ngapi ameanza mwenyewe bila kuambiwa. Ni wageni wangapi waliingia kwa sababu ya kisanduku. Je, amesema jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Wiki tatu mfululizo za sifuri, ninaondoa kilichochosha na kuuliza kulikoni, na mara moja kulikoni ilikuwa jino.

Wiki iliyopita aliomba nimrekodi yeye. Ametega saba, sita tunazijua au tumezipata. "Mwenye nyumba analala nje" ilituchukua siku mbili, mpaka mtoto wa jirani alipopita na bibo mkononi, korosho ikining'inia. Ya saba ni ya Kimakonde, aliisikia kwa bibi yake. Tumeshampa Lindi, Masasi na Tandahimba. Anasema miji hiyo ni midogo.